Zamani Tulikuwa Tunaaga

Mwenyekiti, wakubwa zangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliowahi viti vya ukutani kwa sababu ndiko ziliko soketi. Wakubwa, shikamooni. Wadogo, hamjambo.

Barua ya mwaliko ilisema nije nizungumzie "safari ya mawasiliano ya kidijitali". Niliisoma mara mbili nikaiweka. Mimi sina safari ya kusimulia. Nilichonacho ni kelele, na watu kadhaa ambao sijawahi kuwaona. Nianze na kelele.

Wangapi humu waliwahi kuingia mtandaoni kwa modemu, kile kidude cha kuunganisha kompyuta na waya wa simu ya mezani? Inueni mikono tuonane. Naam. Nyie wengine tuvumilieni kidogo, maana hawa walioinua mikono wameshaanza kuisikia masikioni.

Kwanza unasikia mlio wa laini, uleule wa kuinua mkono wa simu. Namba zinajibonyeza zenyewe harakaharaka. Kimya. Simu inaita upande wa pili, roho iko juujuu. Inapokelewa kwa mlio mmoja mrefu, mwembamba, halafu ndiyo inaanza fujo: mkwaruzo, filimbi inayopanda, kishindo kama bati linaburutwa, mwishowe sauti ya mvua kubwa juu ya paa. Halafu kimya tena. Kimya hicho cha pili ndicho tulichokuwa tukikisubiri.

Watu walidhani ile kelele ni ubovu. Yalikuwa mazungumzo. Waya wa simu ulitengenezwa kubeba sauti ya binadamu, kwa hiyo ilibidi kompyuta igeuze habari zake ziwe sauti, ijifanye mtu. Ule mlio mrefu wa mwanzo, wa hertz 2,100 hivi, ulikuwa unauambia mtandao wa simu: zima vile vidude vyako vya kuzuia mwangwi, leo hawaongei watu. Baada ya hapo modemu mbili zinapimana. Laini ikoje? Ina mikwaruzo kiasi gani? Twende kwa kasi ipi? Laini ikiwa mbovu, zinakubaliana kwenda polepole, na hakuna anayemlaumu mwenzake. Spika nayo iliachwa wazi mpaka wakubaliane, ili wewe usikie kama namba inatumika, au kama umempigia mtu mwingine kabisa. Hilo lilinipata. Niliingiza tarakimu moja vibaya, saa saba usiku, nikasikia sauti ya mtu mzima mwenye usingizi: "Halo? Halo? Nani?" Mashine yangu ikamjibu kwa filimbi. Nikachomoa waya ukutani kama mwizi.

Modemu yangu ya kwanza ilikuwa ya kilobiti 33.6 kwa sekunde. Mwaka 1998 kikaja kiwango cha V.90, kilobiti 56, tukajiona tumepanda ndege. Pigeni hesabu: biti nane ni baiti moja, kwa hiyo kilobiti 56 ni kilobaiti 7 kwa sekunde. Wimbo wa megabaiti 4 ulitaka karibu dakika 10, laini ikiwa imeamka vizuri, na laini haikuwahi kuamka vizuri. Wengi tulilipia kwa dakika, kwa hiyo barua pepe tuliziandika tukiwa nje ya mtandao, tunazipanga kwenye foleni, tunapiga simu, zinaondoka zote kwa mkupuo, tunakata. Ndipo unakumbuka hukuweka salamu kwa mama yake.

Picha zilishuka kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari. Kuna mtu niliyechati naye karibu mwaka mzima, nitamrudia baadaye. Siku moja aliniambia ameweka picha yake kwenye ukurasa wake. Nikaufungua. Zikashuka nywele. Likashuka paji la uso. Yakashuka macho. Kufika puani, mtu nyumbani akainua simu sebuleni.

Kwa wasiojua: laini ilikuwa moja, ya simu na ya intaneti. Mtu yeyote akiinua simu yake anasikia ule mchakacho sikioni, na wewe chumbani umeshakatika. Nilipiga tena mara nne inatumika. Nilipofanikiwa, picha haipo. Akasema ameona haya, ameitoa. Mpaka leo ninamjua mtu yule kuanzia puani kwenda juu.

Kukatika ni kukongwe kama mtandao wenyewe. Tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi Charley Kline alikaa mbele ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akitaka kuingia kwenye kompyuta iliyokuwa mbali, Stanford Research Institute. Ilimbidi aandike neno LOGIN. Huku na huku wameshika simu ya kawaida ya kuulizana. Akabonyeza L. Imefika? Imefika. Akabonyeza O. Imefika? Imefika. Akabonyeza G, mashine ya upande wa pili ikaanguka. Saa moja hivi baadaye walifanikiwa, lakini ujumbe wa kwanza kupita ulikuwa herufi mbili tu, LO. Nawapenda sana watu wale na simu yao. Mtandao haujatimiza dakika moja tangu uzaliwe, tayari kuna mtu anauliza, "Imefika?" Zile tiki zenu mbili, vijana, ni swali hilohilo.

Sasa kuchati.

Mimi niliingilia mlango wa IRC, yaani Internet Relay Chat, vyumba vya kuchati kwa maandishi. Programu hii iliandikwa Agosti 1988 na Jarkko Oikarinen, kijana wa Chuo Kikuu cha Oulu, Ufini. Ukifungua unakuta skrini nyeusi na maandishi, basi. Hakuna picha, hakuna moyo wa kubonyeza. Majina ya vyumba yalianza na alama ya reli (#), ileile ambayo leo mnaibandika kwenye kila kitu. Unachagua jina, na kwa kanuni za wakati ule jina halikuzidi herufi tisa. Hamjui herufi tisa zinavyomsumbua mtu anayetaka kujiita kitu kikubwa. Mimi nilitaka neno la herufi kumi na moja, nikakatwa, nikabaki na nusu ya neno isiyo na maana yoyote. Hiyo nusu ndiyo iliyokuwa jina langu kwa miaka sita. Kuna watu duniani wangesikia jina langu halisi leo wasigeuze hata shingo, lakini ukiitaja ile nusu watasema, "Ooh, yule!"

IRC ilikuwa na jambo lake, na wenye uzoefu wanatabasamu, wameshajua ninakokwenda. Seva zake, zile kompyuta zilizopitisha ujumbe wetu, zilishikana mikono kama mnyororo. Mkono mmoja ukiachia, chumba kinapasuka vipande viwili. Uko katikati ya hadithi, watu thelathini wanakusikiliza, ghafla mistari inamwagika: huyu ametoka, huyu ametoka, huyu ametoka, nusu ya chumba imeyeyuka. Mara ya kwanza nilidhani nimewaudhi. Nikaomba radhi. Waliobaki wakacheka mpaka nikataka kutoka na mimi.

Kumbe wale walioyeyuka wako palepale, nao wanatuona sisi ndio tulioondoka. Kila kipande kinadhani chenyewe ndicho chumba. Zinapita dakika, wakati mwingine robo saa, seva zinashikana tena, na watu wanarudi kwa kundi kama walivyotoka. Kila upande una utani wake mpya ambao mwingine hauelewi.

Na kuna mzuka. Laini yako ikikatika, seva haijui kwamba umeondoka. Inakusubiri dakika kadhaa, inakuita, hujibu, ndipo inakuondoa. Ukirudi haraka kabla haijakuondoa, unaambiwa jina hilo linatumika. Unaangalia orodha, ni wewe mwenyewe umekaa pale, kimya. Unaongeza kistari mwisho wa jina, unaingia, unakaa karibu na mzuka wako unangoja aondoke. Nimewahi kuwakuta watu wanaendelea kumwambia mzuka wangu siri zao.

Msidhani yalikuwa mapiswa matupu. Agosti 1991, lilipotokea jaribio la mapinduzi kule Umoja wa Kisovieti, kuna waliotoa habari nje kupitia vyumba hivihivi vya IRC. Lakini sitawadanganya: mimi binafsi sikuwahi kuokoa nchi yoyote. Nilibishana kuhusu mpira, nikajifunza kuandika bila kuangalia kibodi kwa sababu ubishi ulikuwa unanipita, nikakesha.

Mtu mgeni akiingia, salamu ilikuwa herufi tatu: ASL. Una umri gani, jinsia gani, uko wapi. Hata "habari" haikutangulia. Na kila mtu alidanganya angalau moja kati ya hayo matatu. Hapa ndipo inanibidi nipunguze utamu wa hadithi. Siku moja, kwa utani wa kijinga, niliingia kwenye chumba changu cha kila siku kwa jina la kike. Chumba kilekile, watu walewale niliowaita marafiki. Sikumaliza dakika tatu. Madirisha ya ujumbe wa faragha yalifunguka moja juu ya jingine mpaka kompyuta ikaganda, na yaliyoandikwa humo siwezi kuyasoma mbele ya wakubwa. Wawili kati yao nilikuwa nawaheshimu. Baadaye nilimuuliza mwenzetu mmoja, fundi kweli wa kompyuta, ambaye siku zote tulidhani ni mwanaume, kwa nini hakuwahi kusema yeye ni mwanamke. Akanijibu: "Umeshajibiwa." Kwa hiyo mtu akinieleza kwamba zamani mtandaoni kulikuwa na adabu, namuuliza aliingia kwa jina gani.

Tuendelee. Maandishi hayana uso, hilo liligunduliwa mapema. Tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, akiwa amechoka kuona watu wanagombana kwa sababu utani umechukuliwa kuwa kweli, alipendekeza anayetania aweke nukta pacha, kistari na mabano, ili ukilaza shingo uone uso unaotabasamu. Sisi tulizilaza shingo miaka mingi. Nashangaa siku hizi mtu anacheka kwa nyuso sita zinazotoa machozi na mwenyewe amenuna kwenye kochi.

Mwezi Novemba 1996 kampuni ndogo ya Israel, Mirabilis, ikatoa ICQ, programu ya kutumiana ujumbe. Ua dogo pembeni ya skrini: kijani, mwenzako yupo, jekundu, hayupo. Ujumbe ukiingia inalia "a-oo", sauti kama ya mtoto aliyevunja kikombe. Badala ya jina ulipewa nambari, na nambari ilikuwa na heshima zake. Mwenye tarakimu chache ndiye aliyetangulia, na alihakikisha unalijua hilo. Mimi nilichelewa, nikapata tarakimu nane.

Mtu wangu wa kuanzia puani kwenda juu naye alikuwa na tarakimu nane. Saa zake na zangu zilipishana kwa saba. Mimi nikiamka mapema sana na yeye akichelewa kulala, tunapata kama dakika arobaini. Hatukuwa wapenzi, msinicheke huko nyuma. Tulikuwa tunafundishana: yeye ananifundisha hesabu, mimi namrekebishia insha zake.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo lililonileta. Siku hizi unaandika, unafuta, unaandika tena, ukiridhika unatuma. Mwenzako anaona kilichoiva tu. Hata IRC ilikuwa hivyo, mstari unaondoka ukibonyeza Enter. Lakini ilikuwapo namna nyingine, na ni ya kale zaidi. Mwaka 1973, katika PLATO, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Illinois, Doug Brown na David Woolley walitengeneza programu iliyoitwa Talkomatic. Ndani yake herufi ilionekana kwa wenzako palepale unapoibonyeza. Skrini imegawanywa mistatili, kila mtu ana wake, wote wanaandika kwa wakati mmoja, na kila mmoja anamwona mwenzake anavyoandika. Programu ya talk ya kompyuta za Unix nayo ilikuwa hivyohivyo. Na ICQ, pamoja na ujumbe wake wa kawaida, ilikuwa na dirisha la kuchati la aina hiyo.

Sisi tulipenda dirisha hilo. Ukiwa humo unamwona mtu anavyofikiri. Unaiona haraka yake, unaona anapokosea neno lilelile kila siku. Unaona anaposita. Akicheka unaziona herufi zinakimbia. Tulifika mahali tukawa tunakatizana kama watu waliokaa meza moja: naona sentensi yake inakoelekea, namjibu kabla hajaimaliza, anaiacha hapohapo hewani anajibu jibu langu.

Asubuhi moja nilimuuliza kama kawaida, "Vipi, mzima?" Kishale kikawa kinapepesa muda mrefu. Ikaja N. Ikaja i. Taratibu, kinyume na yeye. Ikaandikika: "Nina siku tatu sij". Ikasimama. Halafu herufi zikaanza kufutika, kutoka mwisho kurudi mwanzo, moja moja, mpaka mstari ukabaki mtupu. Kishale kikapepesa tena. Halafu, haraka kabisa: "mzima, wewe je?"

Niliona. Naye alijua nimeona, dirisha lilikuwa moja. Na mimi nikaandika, "Poa tu", tukafungua hesabu.

Nimelifikiria hilo kwa zaidi ya miaka ishirini. Sij nini? Sijalala? Sijala? Sijaongea na mtu? Vijana wanapoona maneno "anaandika…" yanatokea, yanapotea, yanatokea tena, halafu hakiji kitu, wananiambia inawatesa. Naamini. Lakini wao hawajui kilichofutwa. Mimi nilikisoma, nikajibu kile alichokibakiza.

Tulichati wiki kadhaa baada ya siku ile, kama kawaida. Halafu tuseme kuhusu kuaga, maana zamani tulikuwa tunaaga. Kuingia mtandaoni kulikuwa kwenda mahali, na kutoka kulikuwa kutoka. AOL Instant Messenger, iliyotoka mwaka 1997, ilikuwa na sauti ya mlango: mwenzako akiingia mlango unalia unafunguka, akitoka unabamizwa. Hata asiye na sauti hiyo alikuwa na taratibu zake. Unatangaza kwamba unatoka. Unatakiwa usiku mwema na watu kumi na wawili. Unamjibu kila mmoja. Mtu wa kumi na mbili anakuuliza swali, unakaa saa nyingine. Kisha unaaga tena kuanzia mwanzo. Ukiondoka kwa dakika tano tu unaandika kwamba unarudi sasa hivi, na ukirudi unasema umerudi, na wanakukaribisha kama umetoka safari.

Leo hakuna anayeaga kwa sababu hakuna anayeondoka. Simu iko mfukoni, iko chini ya mto, mazungumzo hayana mwanzo wala mwisho, yanalala tu kama moto uliofunikwa majivu. Sisemi ni vibaya. Mwanangu yuko mbali, na ninamwandikia kitu cha kipuuzi adhuhuri, ananijibu jioni, hatukusalimiana wala kuagana, na najua yupo. Ningekuwa na kitu hicho mwaka 1998 ningekibusu. Ila kuna vitu vilivyokuwa vinasemwa mlangoni tu. Wanaochati muda mrefu wanalijua hili: mtu anakaa na wewe saa nzima mkiongea upuuzi, akishaandika "haya, naenda", ndipo anasema lile lililomleta. Ukimwondolea kuondoka, sijui analisemea wapi.

Mtu wangu hakuaga. Jumanne moja aliandika kwamba kesho ataniletea swali gumu, ua likageuka jekundu. Jumatano jekundu. Mwezi jekundu. Huenda alipata kazi, huenda alipata mchumba, huenda kompyuta yake iliungua. Nilimwandikia mara tatu na ile programu ilinipokelea ujumbe kwa adabu, itamfikishia akiingia. Hakukuwa na namba ya simu ya kupiga. Jina halisi sikuwahi kumuuliza; lingekuwa kama kumpekua mfuko.

Halafu vyumba vyenyewe vikaanza kufungwa. AOL Instant Messenger ilizimwa tarehe 15 Desemba 2017, Yahoo Messenger tarehe 17 Julai 2018. ICQ ilivuta mpaka tarehe 26 Juni 2024, wakati wengi wetu tulidhani imekufa zamani. Nilipoipata habari hiyo nilitaka niingie mara ya mwisho, niangalie tu lile ua lina rangi gani. Nikakuta nambari yangu mwenyewe nimeisahau. Nilijaribu kila mpangilio niliokumbuka, hola.

Ya kwake ninayo, tarakimu zote nane. Nikiamshwa usiku naitaja.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kwaherini.